Kimevunjwa au kimevunjika?

Katika mwaka wa kwanza wa kitivo chetu kila mwanafunzi hujifunza kwamba kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuvaa nguo nyingi: vunja, vunjia, vunjwa, vunjika, vunjisha, vunjana. Tunaandika orodha daftarini, tunaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunaendelea na somo linalofuata. Mifano ya vitabuni ni ileile siku zote: kikombe, kiti, mguu. Mfano wangu ni kibomba cha plastiki chembamba kuliko kalamu, kilicholala juu ya injini ya gari la spoti katika garaji ya baba yangu mdogo hapa Lubumbashi. Kwa muda wa siku nne, tofauti kati ya «kimevunjwa» na «kimevunjika» iliamua kama kijana mmoja angeendelea kujifunza kazi au angerudishwa kijijini.

Garaji yenyewe iko Katuba. Ni uwanja wenye ukuta wa matofali, mwembe mmoja, shimo la kuingia chini ya magari, na bati linalofunika meza ya vyombo. Magari yanayofika pale ni Toyota na Nissan, na pikapu za watu wanaofanya kazi kwa mikataba na migodi. Porsche haifiki kila siku. Hii ilikuwa Boxster ya mwaka 2001, yenye injini ya lita 2.7 na silinda sita zilizolala, tatu kila upande. Ilikuwa imetoka Ulaya mikononi mwa mtu wa pili au wa tatu, ikaingia nchini kupitia Kasumbalesa kama magari mengine mengi. Injini yake haiko mbele wala nyuma kabisa. Iko katikati, mgongoni mwa viti. Kuiona kutoka juu, lazima ufungue paa la turubai nusu, uinue zulia, ufungue kifuniko; na hata hapo utaona sehemu ndogo tu. Vingine unavigusa kwa vidole bila kuviona.

Mwenye gari alikuwa amelileta kubadilishiwa chujio cha hewa. Kazi hiyo aliifanya binamu yangu, kijana wa miaka 19, mtoto wa marehemu shangazi, ambaye alikuwa anajifunza ufundi kwa mwaka wa pili. Siku tatu baadaye taa ya rangi ya machungwa ya injini ikawaka. Mteja akalipeleka gari kwenye garaji nyingine, yenye kibao kikubwa na kompyuta, akapewa karatasi. Iliandikwa kwa Kifaransa: pompe à air secondaire cassée. Bei ya pampu mpya, kuagizwa na kufungwa, dola 900. Akarudi kwetu na karatasi ile mkononi.

«Motokari ilikuwa muzuri mbele niilete hapa,» alisema, mafundi wote wakisikia. «Ule mutoto ndiye aliivunja.»

Binamu yangu alijibu kwa sauti ndogo, akiniangalia mimi badala ya mteja: «Mi sikuvunja kitu, yaya. Kama iko kitu, ilivunjika.»

Nawaomba wasomaji wa kitivo hiki wasimame kidogo kwenye sentensi hizo mbili. Hakuna aliyekuwa anatoa somo la sarufi, lakini kila mmoja alichagua umbo la kitenzi kwa uangalifu wa mwanasheria. Mteja alitumia kitenzi chenye mtenda: mtu fulani, siku fulani, alifanya. Kijana alitumia kauli ya kutendeka, ambayo haina nafasi ya mtenda kabisa. Unaweza kusema «kimevunjwa na fundi», lakini «kimevunjika na fundi» sikio linakataa. Kauli ya kutendwa inaweza kumficha mtu, ila inakubali kwamba yupo. Kauli ya kutendeka inamfuta. Ndiyo maana mtoto aliyeangusha sahani jikoni hasemi kamwe «mama, sahani imevunjwa».

Na karatasi ya Kifaransa? Cassée ile haikusema lolote juu ya hilo. Neno moja linabeba maana zote mbili, na kila upande ulilisoma ulivyotaka.

Mteja alidai mambo mawili: dola 900, na kijana aondolewe. La pili alilisema kwa utulivu zaidi kuliko la kwanza. Baba mdogo hakujibu haraka. Mtu huyo ndiye aliyekuwa anamletea pikapu tano za kampuni yake, na pikapu tano ni karo za watoto na kodi ya uwanja. Alisema tu: «Tupatie siku ine. Tutatafuta ugonjwa kwanza.»

Mimi niliitwa kwa sababu ya lugha. Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kinazungumza Kifaransa, maelezo ya mfumo wa hewa tuliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza, na baba mdogo, ambaye anafahamu injini kuliko mtu yeyote ninayemjua, anafanya kazi kwa Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati.

Kifaa kilitupatia namba P0410: hitilafu katika mfumo wa kupuliza hewa ya pili. Baba mdogo aliuliza swali ambalo mkalimani mzuri angelipenda: «Hewa ya pili ni gani? Ya kwanza iko wapi?»

Hewa ya kwanza ni ile ambayo injini inavuta ili iungue pamoja na petroli. Injini ikiwa baridi, kompyuta huipatia petroli nyingi kupita kiasi, kama mtu anayeongeza mafuta ya taa kwenye makaa mabichi. Petroli hiyo haiungui yote. Sehemu yake inatoka na moshi, pamoja na gesi ya kaboni monoksidi. Katika bomba la moshi kuna katalizeri, chombo cha kusafisha gesi hizo, lakini katalizeri baridi haifanyi kazi. Inahitaji kufikia joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Kwa hiyo dakika ya kwanza ya asubuhi ndiyo chafu kuliko zote. Dawa ya wahandisi ni pampu ndogo ya umeme inayopuliza hewa safi moja kwa moja kwenye njia ya moshi, pale tu moshi unapotoka kwenye silinda. Hewa hiyo inakutana na petroli isiyoungua ikiwa bado ya moto, mabaki yanaungua humo njiani, na joto lake linaamsha katalizeri haraka. Baada ya dakika moja na kitu, pampu inanyamaza hadi injini ipoe na kuwashwa tena.

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la pili, ambalo lilikuwa bora kuliko la kwanza: «Na hiyo kompyuta inajua namna gani kama hewa haikufika? Iko na macho?»

Haina. Huu ndio moyo wa jambo lote. Katika mfumo huu kompyuta haiioni pampu ikipuliza. Inachosoma ni sensa ya oksijeni iliyo ndani ya bomba la moshi. Pampu ikipuliza, moshi unapata oksijeni nyingi, na sensa inapaswa kusema hivyo. Kompyuta ikiamuru pampu ifanye kazi na sensa isione oksijeni kuongezeka, inaandika P0410. Tena haiwashi taa mara ya kwanza; inangoja ione jambo lilelile katika safari mbili za kuwasha injini ikiwa baridi. Kwa maneno mengine, namba ile haisemi «pampu imekufa». Inasema: «Niliagiza hewa, na sikupata habari kwamba imefika.» Ni kama mtu aliyetuma barua na hakujibiwa. Huenda barua haikuandikwa, au mjumbe alizuiwa njiani, au mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Garaji yenye kibao kikubwa ilisoma ukimya ikaandika kifo.

Jambo la safari mbili lilinikera kidogo, kwa sababu halikumsaidia binamu yangu. Mteja huwasha gari lake kila asubuhi. Taa iliwaka siku ya tatu baada ya kazi yetu. Hesabu hiyo ililingana vizuri mno na kitu kilichoharibika siku ileile kijana alipotia mkono ndani. Nilimweleza baba mdogo bila kupunguza neno. Aliitika kwa kichwa tu.

Tukafuata njia ya hewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pampu inapata umeme kupitia fyuzi na rele. Wakati huohuo kompyuta inafungua kivali kidogo cha umeme, ambacho kinapitisha mvuto. Mvuto huo unatoka kwenye injini yenyewe, maana injini inapovuta pumzi inaacha upungufu wa hewa ambao mafundi wanaugeuza kuwa nguvu. Unapita katika vibomba vyembamba vya plastiki hadi kwenye vali kubwa ya kufungia, unaivuta, vali inafunguka, na hewa ya pampu inapita. Baada yake kuna vali ya kuzuia moshi usirudi nyuma. Kwa hiyo, ili hewa ifike, mambo manne lazima yakubaliane: umeme, pampu, mvuto na vali. Moja likikataa, namba ni ileile.

Ilikuwa mwezi wa Juni, na asubuhi za Juni katika Lubumbashi zina baridi ya kweli. Tuliliacha gari usiku kucha chini ya mwembe. Mfumo huu hukupa dakika moja tu kwa siku ya kuusikiliza ukifanya kazi kwa amri ya kompyuta, kwa hiyo kila mtu alipewa nafasi yake: mimi kwenye kifaa, binamu kwenye ufunguo, baba mdogo ameinama mgongoni mwa viti.

Injini iliwaka. Chini ya mngurumo wake ikasikika sauti nyingine, nyembamba na ndefu, kama mashine ya kunyonyea vumbi katika chumba cha jirani. Ilidumu sekunde 80 hivi, ikakatika. Baba mdogo alisimama, akajifuta mikono.

«Maiti haiimbi,» alisema.

Pampu ilikuwa hai, na kwa hiyo fyuzi na rele pia. Lakini kwenye kifaa mimi nilikuwa naona sensa haikubadilika: mfumo uliimba na hakuna aliyeusikia. Injini ilipopoa tukavua bomba nene linalotoka kwenye pampu, tukaipelekea pampu umeme moja kwa moja. Hewa ilipiga kiganja kwa nguvu, kavu, bila kutu wala tone la maji. Hilo ni muhimu, kwa sababu vali ya kuzuia ikivuja, mvuke wa moshi hurudi hadi kwenye pampu na kuiozesha.

Kisha vali ya kufungia. Baba mdogo hana pampu ya mkono ya kupimia mvuto. Alichukua kipande safi cha mpira, akakichomeka kwenye mdomo mdogo wa vali, akavuta kwa kinywa chake. Vali ikalia «tak». Akaziba mpira kwa ulimi, akangoja, tukaona mpira umebaki umeng'ang'ania ulimi wake. Vali inafunguka, na haivuji. Tulibaki na jambo moja. Injini ikiwa inawaka, tulivua kibomba chembamba kinachopaswa kuleta mvuto kwenye kivali cha umeme, nikaweka ncha ya kidole. Hakukuwa na kitu. Kidole hakikuvutwa hata kidogo.

Binamu yangu mwenyewe ndiye aliyekifuata kibomba kile kwa vidole kwenda nyuma, hadi mahali kinapopinda karibu na sanduku la chujio la hewa. Alinyamaza. Halafu akatoa mkono, na ndani yake kulikuwa na ncha mbili.

Ningeweza kusema kwamba tulifurahi kwa kupata ugonjwa, lakini haikuwa hivyo. Kibomba kilikuwa kimekatika pale hasa ambapo mkono wa mtu anayebadilisha chujio hupita. Dawa ilikuwa kipande cha mpira wa mvuto chenye upana uleule, cha dola 3. Dola 900 zilikuwa zimeondoka mezani, lakini neno «aliivunja» lilibaki, na sasa lilikuwa na ushahidi.

Baba mdogo alichukua ncha zile hadi mlangoni penye mwanga. Nilizipiga picha kwa simu na kuikuza. Plastiki iliyovunjika ina uso, na uso ule unasomeka. Sehemu kubwa ya ufa, karibu theluthi mbili za mzunguko, ilikuwa nyeusi, imejaa vumbi na mafuta yaliyokauka ndani kabisa. Uchafu wa namna ile hauingii kwa siku tatu. Theluthi iliyobaki ilikuwa safi, ya kijivu cheupe, inang'aa kidogo. Tulijaribu kupinda kipande kingine cha kibomba kilekile, mbali na ufa. Kilikatika kama biskuti. Miaka zaidi ya 20 ya joto la injini ilikuwa imemaliza ulaini wake wote.

Basi habari yenyewe ilikuwa hii: joto lilianza, mkono ukamaliza. Kwa muda mrefu ufa ule ulikuwepo na mvuto bado unapita. Siku ya chujio, kile kidogo kilichokuwa kinashikilia kikaachia. Mteja alikuwa na haki kwa theluthi moja. Binamu yangu alikuwa na haki kwa theluthi mbili. Na vitenzi vyao vyote viwili havikutosha.

Jioni ile baba mdogo alinipa kalamu na karatasi ya hesabu ya malipo. Kwa kawaida karatasi zile zinaandikwa kwa Kifaransa.

«Andika kwa Kiswahili,» alisema. «Kwa Kifaransa itakuwa cassé tena, na atasoma anavyotaka.»

Niliandika kwanza: «Kibomba cha mvuto kimevunjika.» Nikamsomea. Binamu yangu alishusha pumzi. Baba mdogo alitikisa kichwa: «Hapana. Hiyo inatuosha sisi.» Nikampatia nyingine: «Kibomba cha mvuto kilivunjwa wakati wa kubadilisha chujio.» Akatikisa kichwa tena: «Hiyo inamuchinja mutoto.» Alifikiri, akasema polepole, kama mtu anayeamuru mpishi apime unga: «Andika kwanza ilikuwa namna gani. Kisha andika nani alikuwa hapo.»

Tukafikia hii: «Kibomba cha mvuto kilikuwa kimechakaa kwa joto na kimepasuka tangu zamani. Mkono wetu ulikimalizia wakati wa kubadilisha chujio. Tumekibadilisha bila malipo. Pampu ni nzima, isibadilishwe.»

Someni vitenzi vile mmoja mmoja. «Kimechakaa» na «kimepasuka» havina mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu. «Ulikimalizia» kina mtenda, lakini mtenda ni «mkono wetu», si «ule mutoto». Sikumshauri baba mdogo neno hilo. Alilichagua mwenyewe, na katika garaji ni neno la kweli: mwanafunzi hana mkono wake bado; anafanya kazi kwa mkono wa anayemfundisha. Na kile kiambishi cha kutendea katika «kimalizia» kinabeba maana ambayo hakuna kipengele kingine kingeibeba, kwamba kazi ya kuharibu ilikuwa ya mwingine na sisi tuliikuta karibu kuisha.

Tulifuta namba katika kompyuta, tukaliwasha gari asubuhi mbili mfululizo likiwa baridi. Safari hii pampu ilipoimba, niliona umeme wa sensa unashuka hadi karibu na volti 0.1 na kubaki chini mpaka sauti ilipokatika. Ndiyo lugha yake ya kusema kwamba oksijeni ni nyingi. Barua ilijibiwa. Taa haikurudi.

Mteja alikuja siku ya nne. Alisoma karatasi amesimama, akaisoma tena. Alitaka kuona ncha zilizovunjika, tukampatia, akazigeuza kwenye mwanga kama tulivyofanya sisi. Hakuomba radhi. Aliuliza kitu kimoja: «Vibomba vingine viko namna gani?» Baba mdogo akamjibu kwamba vingine vinavunjika pia. Mteja akasema vibadilishwe vyote, na kwamba yeye atalipa. Juu ya kijana hakusema neno tena, na pikapu zake zinaendelea kuja.

Jibu lile la baba mdogo, «vinavunjika», limenikaa kichwani kuliko yote. Walimu wetu wanatufundisha kwamba kauli ya kutendeka ina maana mbili. Inaeleza hali iliyopo: kikombe kimevunjika. Na inaeleza uwezekano: mlima huu unapandika, maji haya yanayweka, kioo hiki kinavunjika. Tunaziweka katika safu mbili kwenye ubao, lakini katika plastiki ya miaka 20 zinakaa pamoja. Kitu kinachovunjika kiko tayari katikati ya kuvunjika, kinangoja mkono tu, na mkono utakaokigusa ndio utakaoitwa mkosaji. Sidhani hiyo ni habari ya magari peke yake. Nani kati yetu hajawahi kuona mradi, nyumba au ndoa ambayo ilikuwa na ufa mweusi wa miaka mingi, kisha lawama yote ikamwangukia yule aliyekuwa karibu siku ya mwisho? Na nani hajawahi kumsikia mkubwa akisema «mambo yaliharibika» pale ambapo alikuwepo mtu aliyeyaharibu?

Kuna wanaosema mwanafunzi wa lugha hana kazi katika garaji. Mimi naona kwamba kuchagua kati ya -wa na -ika, kwa haki, ni kazi ya uchunguzi kama kupima mvuto. Huwezi kuifanya ukiwa umekaa. Lazima kwanza uende ukaangalie uso wa ufa kwenye mwanga, ujue ni sehemu gani nyeusi na ni ipi nyeupe.

Tangu mwezi ule daftari la kupokelea magari pale Katuba lina safu mpya, ambayo binamu yangu ndiye anayeijaza kabla ya kushika chombo chochote. Ameipa kichwa mwenyewe, kwa herufi kubwa: VILIVYOKWISHA KUCHOKA. Mwenye gari anatia sahihi chini yake.